Mbili Bila

Tumefungwa mbili bila, na ya tatu ni kesho saa kumi,
hapa hapa Chumbageni, kwenye uwanja wenye ufa
unaoanzia chini ya goli la kaskazini
ukakata duara la kati kama mto wa kwenye ramani.
Mpira ukidundia pale unakwenda kushoto.
Reli hawaujui ufa huo. Nimeuandika wa kwanza.

Wakichukua ya kesho, kombe linapanda basi la Dar
na sisi tunabaki kufagia.

Darasa la Kidato cha Pili B usiku huu ni langu;
mlinzi kanipa ufunguo kwa soda moja na maneno mengi.
Chaki nyeupe ni sisi, ya njano ni wao.
Ya njano imeisha upesi, wamejaa ubao mzima.

Mwanakombo kaniletea daftari lake,
yeye ndiye mwandishi wa pointi, fauli, na nani kampa nani.
Sikuwahi kulisoma. Nilidhani macho yangu yanatosha.
"Mwalimu, robo ya kwanza tunapasiana mara arobaini na moja.
Ya nne, kumi na tisa."
Akanyamaza, akachonga penseli.

Kumi na tisa!
Na mimi pembeni, sauti imenikauka: kimbieni, kimbieni!
Walinitii. Ndiyo maana tukafungwa.

Basi, tusikimbie.
Nani Tanga hii hajabeba machungwa kwa baiskeli?
Ukikanyaga pedali kwa papara kamba inakatika,
Muheza yote inamwagika barabarani.
Sekunde ishirini na nne ni nyingi, mkigawana.
Mpira uende kwa Singano, urudi, uende tena,
wao wachoke kwa kuufuata na macho.

Lwitiko, yule mrefu wao,
siku mbili tumemsukuma kwa nyuma kama lori lililozima.
Kumbe hageuki ila kulia: vikapu kumi na sita,
vyote bega lile lile, daftari halina upendeleo.
Kesho Semboja asimame mbele yake,
Semboja mfupi, mwenye viwiko, mwenye mdomo,
mpira usifike.
Mrefu asiyepewa mpira ni nguzo ya umeme
siku ya mgao.

Wawili mbele, watatu nyuma.
Kona ya upande wa bahari tuwaachie, wapige watakavyo;
anayepiga kutoka pale saa kumi
jua lote liko machoni mwake.

Bado jina moja.

Nilimwendea baada ya magharibi, Barabara ya Kumi na Nne.
Dada yangu alikuwa anakaanga bagia,
hakuinua uso; alikwisha jua kaka yake kaja kama nani.
Mhina, nahodha, mwanangu wa kumlea,
anacheza dakika zote arobaini na goti limefungwa bendeji.
Robo ya nne hapasi. Si uchoyo.
Akipasi itambidi akimbie.

Nikamwambia: utaanzia benchi, utaingia ya tatu.
Akauliza, "Anaanza nani, mjomba?"
"Mbelwa."
"Mbelwa ana miaka kumi na saba."
"Ndiyo."
Bagia zikalia kwenye mafuta.
Akaingia ndani, akakaa, nikadhani ndiyo basi,
akatoka na viatu vyake vya akiba, kamba zimefuliwa.
"Vyake vinateleza. Namba yetu moja."
Hakuniaga.

Nimefuta Mhina, nimeandika Mbelwa.
Dasta ni kuukuu; chini ya jina jipya
la zamani bado linasomeka.

Kesho asubuhi Pili B wana Kemia,
nikaandika juu, kwa herufi kubwa: USIFUTE.
Kisha nikakumbuka Reli wamelala gesti ya ng'ambo,
dirisha lao linatazama hili.
Nikafuta vyote mwenyewe, hadi ule ufa,
nikatoka na vumbi mikononi,
nikihesabu pasi njia nzima.